Sura ya Mwanakheri

Sarafu ya kuadhimisha miaka hamsini ya daraja ilichorwa Mwanakheri, marehemu mkewe Mzee Makungu, kabeba karai la zege kichwani. Picha nyingine yake nyumbani hapakuwa nayo. Ilipoanza kupiga weusi, Makungu akaisugua kwa majivu na ukwaju, kama mkewe alivyosugua masinia ya shaba.

Shemeji yake, Bi Mwatima, akapiga ukelele.

"Acha, shemeji! Rangi inabanduka hiyo!"

"Itabandukaje? Wakubwa walioitoa si walisema shaba tupu?"

"Walisema. Nawe ukaamini!"

"Hawa watu! Hata maiti wanamwibia."

Pua ya mkewe pale kwenye sarafu ilikwisha kuingia weupe. Makungu akaufunika uso huo kwa kidole gumba.

"Hebu tuone palipobaki."

Makungu hakuthubutu kukiinua kidole.