Nusu ya Nyanya

"Mama, na nyumbani mnakula hizi hizi?" aliuliza mnunuzi wa hoteli za Ngorongoro. Gari lake hakulizima.

"Hizi hizi," Germana alijibu upesi mno.

Nyanya za mbegu ya kisasa zilijaza matenga kumi, nyekundu, ngumu, zote saizi moja. Za nyumbani, ndogo zenye makovu, zilikuwa nyuma ya jiko, ambako bomba la dawa halifiki. Hizi za kwenye matenga alizipulizia jana. Dawa yenyewe inataka zikae siku saba kabla ya kuchumwa, lakini hoteli ilitaka mzigo leo.

Mnunuzi akachagua moja, akaipangusa kwenye shati, akaikata katikati. Penye kikonyo pakabaki vumbi jeupe.

"Basi tule wote, mama."

Akampa nusu, akapeleka nyingine mdomoni.

Germana akamshika mkono.