Buku na Kikapu cha Kwanza

Sogeeni, wajukuu, aliyechoka asikilize akiwa amelala.

Wanyama walikubaliana kukimenyea kijiji karanga za mbegu, kila mmoja kwa hiari yake, akishamaliza kazi za kwake. Mgawaji alikuwa Kanga. Aliyerudisha upesi kikapu cha siku ya kwanza aliongezewa fungu la kila siku, aliyechelewa alipunguziwa.

Basi Buku, yule panya mkubwa, akawa anashushiwa vikapu mpaka mlangoni hapapitiki. Mvua inanukia, shimo lake lina ufa juu, wanawe watalala majini, na yeye yuko na karanga tu, meno yanamuuma.

Jirani yake Jongoo akaja na fungu lake, karanga za kiganja kimoja. "Shoga, mimi siku ya kwanza nilichelewa kuvaa viatu, na miguu yote hii, ndiyo maana napewa hizi. Wewe siku ya kwanza ulifanyaje?"

"Walikuja dada zangu," Buku akasema polepole. "Tulimenya huku tunapiga soga, chai haijapoa tumemaliza."

"Na Kanga ulimwambia?"

Buku akainamisha masikio. "Alinisifu mbele ya watu, shoga. Nikanyamaza."

Kesho yake akajikokota hadi kwa Kanga, akasema yote mbele ya watu wale wale. Kanga akacheka. "Mama wee, kumbe siku zote nakupimia meno ya ukoo mzima."

Akapewa kikapu kidogo, na hakuna aliyemsifu. Akaziba ufa, akalala na wanawe pakavu, mvua ikinyesha juu yao, na Jongoo huko kwake bado anavua viatu.