Mtu Nambari Moja

Mfumo ulikufa tena, palepale unapokufaga siku zote. Ulipanda vizuri kama mbuzi kichuguuni, ukafika mahali, ukatapika mistari myekundu na kunyamaza.

Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha fundi kama paka anayesubiri utumbo buchani. "Sasa?"

"Sasa umekufa," fundi alisema.

"Hilo hata mimi naliona, binti yangu. Nimekuita uniambie nisichokiona."

Saa nane wageni wangefika kuinunua kampuni. Yenyewe ilikuwa na kitu kimoja tu cha kununulika: programu ya kupanga foleni za wagonjwa katika zahanati. Programu hiyo ilikuwa imelala kwenye ghala la zamani la kompyuta, mfumo unaotunza kila mstari wa programu ulioandikwa, siku ulipoandikwa na nani aliyeuandika. Wageni walikuwa wamesema wazi kwamba hawanunui mali iliyomo jenezani. Ghala lihamishiwe toleo jipya, walikague kwa macho yao, ndipo watie saini. Bila hivyo, kwaheri.

Mafundi wa Bosi walihangaika nalo. Wakadhani kumbukumbu haitoshi, ikaongezwa. Wakadhani diski imeoza, ikabadilishwa. Mmoja akaugua ghafla ugonjwa wa kutopokea simu. Ndipo huyu binti mwenye miwani, aliyesikia habari kwa mafundi wenzake, akapiga simu mwenyewe na kusema anaweza kusaidia. Bosi hakumhoji. Mfa maji haulizi ubao umetoka wapi.

"Diski yako ni nzima," fundi alisema. "Shida ni kazi zisizo na mwenyewe. Karibu kila kitu humu kimeandikwa na mtu nambari moja, lakini kwenye orodha ya watu, nambari moja hayupo. Toleo la zamani lilikuwa halijali. Hili jipya linamtafuta, likimkosa linazimia."

Bosi akajikuna shingo. Nambari moja alimjua vizuri mno. Alikuwa mwandishi wake wa kwanza wa programu, mjuaji mwenye mdomo, aliyethubutu kudai jina lake lionekane kwenye programu. Siku mteja mkubwa wa kwanza alipopatikana, Bosi alimtimua, kisha akaingia ghalani na kumfuta kwa kidole chake mwenyewe, kama mtu anayefuta kamasi. Tangu hapo jina lile halikutajwa ofisini. Kila aliyekuwa na masikio alisimuliwa jinsi Bosi alivyoiandika programu peke yake, stoo, tumbo tupu. Alikuwa ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba ile njaa sasa aliikumbuka.

"Labda ni panya," alisema.

"Panya fundi kweli. Amekula jina moja, mengine akayaacha."

Mhudumu wa mapokezi, ambaye kwa usiri wote wenzake walimwita Redio, akachungulia mlangoni. Alisema kuna mama mmoja kaketi pale na mkoba wake mapajani, hataki kueleza shida yake, anasema tu atasubiri mpaka aitwe. Bosi akajibu kwamba hapa hawanunui vitenge wala mafuta ya kupaka, na kiti cha mapokezi ni kigumu, atachoka mwenyewe. Redio akaondoka akiwa na la kutangaza.

"Basi jaza pengo," Bosi akamwambia fundi. "Weka jina langu."

"Halikubali. Wewe tayari ni nambari mbili, na mfumo haupokei mtu mmoja mara mbili."

"Mimi? Na humo nimeandika nini?"

Fundi akatazama. "Ulibadilisha rangi ya kitufe." Akatazama tena. "Kesho yake ukairudisha."

Bosi akaangalia saa ya ukutani, na saa ya ukutani haikumwonea huruma.

"Weka jina lolote, bora liende. La paka, la jirani, hata la mama yako. Nitawaambia lilikuwa jina langu la utani."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, fundi aligeuka akamtazama usoni. "La mama yangu?"

"Hata la bibi yako. Muda unakwenda."

Bosi akaenda kunyoosha tai yake kwenye kioo cha chooni. Aliporudi, mfumo ulikuwa umepita pale penye mauti yake, ukafika mwisho na kutulia. Alitamani kumbusu fundi kwenye utosi. Akajizuia, akampa peremende.

Wageni walikuwa wawili, mwanasheria mwenye mafua na mhandisi mwenye upara. Wakati fundi akiunganisha skrini kubwa ya chumba cha mikutano, Bosi aliwapa wageni stoo, akawapa giza, akawapa njaa mpaka mwanasheria akapenga kamasi kwa huzuni. Mhandisi alikuwa ameshafungua ghala. Kando ya kila mstari palikaa jina la mwandishi, ukurasa baada ya ukurasa, jina lilelile.

"Huyu aliyeandika vyote hivi ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi," Bosi alicheka, mgongo wake ukiwa bado kwenye skrini. "Zamani hilo ndilo lilikuwa jina langu la utani."

"Walikuita jina la kike?"

Bosi akageuka. Lilikuwa lile alilolifuta kwa kidole chake, herufi kwa herufi, majina yote matatu, pamoja na la ukoo.

Fundi alikuwa mlangoni, akizungusha waya wake taratibu kwenye kiganja.

"Nani amekupa jina hili?" Sauti ya Bosi ilitoka nyembamba kama ya mbu.

"Si wewe, Bosi? Ulisema hata la mama yangu." Akaufungua mlango wote. "Yuko hapo mapokezi, anasubiri kuitwa."