Mistari Tisa ya Zuhena

Tiki! Gizani, kabla ya alfajiri, mashine ya kupumulia ya mwanangu Zuhena ilijizima tena. Nikaiwasha kwa mkono. Kosa lake nililijua, na nilishalirekebisha kwa mistari tisa ya msimbo wa kompyuta, matunda ya masomo yangu ya jioni. Lakini sheria hairuhusu mashine kupokea msimbo usiopitishwa na wakaguzi wawili.

Wa kwanza alishaupitisha; wa pili, Bwana Mwakio, alionekana yuko macho mtandaoni. Nikampigia.

"Mama Zuhena, msimbo wako unafanya kazi, hongera! Ila mistari miwili imezidi urefu. Ifupishe, uingie foleni upya. Siku tatu tu."

"Kaka, mtoto anakosa pumzi, wewe unanipimia mistari?"

"Viwango ni viwango, dada."

Nikakata simu, nikafungua kompyuta kuifupisha ile mistari miwili.

"Mama," Zuhena akasema, "mimi naweza kusubiri."