Sikio Lililochanika

"Huyu nani?" Akida wa Wajerumani alimtupia mama picha mapajani, juu ya ungo wa uwele.

Mama alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake ya tembe. Hakuwahi kushika picha maishani. Aliona madoa meusi na ya kijivu, kama majivu yaliyonyeshewa. Kisha doa moja likawa sikio, ndewe yake imechanika pale ilipokwaruzwa na pembe ya ndama, na papo hapo madoa yote yakawa Ndahani, mwanawe, anayesakwa kwa kumpiga askari fimbo kwenye kazi ya reli.

Ndahani mwenyewe alikuwa ndani, nyuma ya ndama, amejifunika ngozi.

"Naona uchafu tu," mama alisema.

"Washenzi hawa," akida alimwambia askari wake. "Hata umwonyeshe aliyemzaa, ataona matope."

Askari alicheka. Mama aliinamisha uso. Tusi hilo lilimfaa leo, akalimeza lote.

Akida aliichukua picha, akaitazama kidogo, akamrudishia. Safari hii alimpa miguu juu, kichwa chini.

"Nishikie, nifunge kiatu."

Aliinama, akakaza ugwe bila haraka, akakipangusa vumbi. Alipoinua macho, Ndahani wa kwenye picha alikuwa amesimama wima mikononi mwa mama yake.

Mama hakukumbuka kumgeuza.

Akida alimtazama vidole, kisha akautazama mlango nyuma ya mama.