Kamera ya Harusi za Wanawake

Mzee Abdulhadi aliisukuma kando kamera ya tatu. Hiyo ni ya waandishi wa habari, alisema. Ukibonyeza inalia ta-ta-ta, bibi harusi atadhani kumezuka ugomvi.

Muuzaji, mwanamke wa makamo mwenye ushungi, alicheka, ingawa tangu asubuhi hakuwa na la kumchekesha. Duka lenyewe, pale Kipawa karibu na uwanja wa ndege, ni dogo. Ndege ikishuka vioo vyote vinatetemeka.

Akamtolea nyingine yenye lenzi ndefu. Mzee aliikataa kabla haijatua mezani. Hiyo ni ya wanaokwenda kupiga picha za ndege msituni Pugu, watu wenye subira na magari. Yeye alikuwa na binti, Wafa, msichana tu, aliyetaka kupiga picha kwenye harusi za wanawake, zile za hina, ambako mwanamume hata awe nani haingii. Ijumaa ndiyo kazi yake ya kwanza. Picha zikiharibika hakuna wa kuzirudia, na mtoto ataaibika kwa kila shangazi mjini. Mzee aliliogopa hilo kuliko maradhi.

"Na hii?" muuzaji aliuliza. "Inapeleka picha kwenye simu papo hapo."

"Hiyo ndiyo usimwonyeshe kabisa. Wake za watu wamevua mabuibui, wewe unawarusha kwenye simu?"

Wakazipima zilizobaki. Mzee alijua ipi inavumilia mwanga hafifu, ipi inamaliza betri, ipi itamchosha mkono msichana mwembamba. Alipotaka kadi ya kujaribia hakuomba. Alizunguka kaunta, akafungua droo ya chini, akaichukua. Muuzaji hakumzuia. Alitamani kumsaidia na hakujua aanzie wapi.

Mwishowe mzee akachagua ile ndogo nyeusi, isiyo na kelele. Rahisi ghali, alisema, bora hii itakayodumu. Akampiga muuzaji picha moja, akaitazama kwenye kioo cha nyuma.

"Itazame vizuri," muuzaji alimwomba. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Huyo unamwona ni nani?"

Mzee aliisogeza karibu na macho, akaitazama kwa muda mrefu.

"Imetoka safi," mzee alisema. "Rangi ya uso ndiyo hasa. Niwekee, usimuuzie mtu. Kesho nakuja na Wafa aijaribu mwenyewe. Nimwambie nimehudumiwa na nani, mama?"

Muuzaji aliizima kamera, akairudisha rafuni, mahali pale pale alipoirudisha jana.

"Wafa," alisema.

Akafunga duka, akamshika baba yake mkono, wakaenda nyumbani. Njia nzima mzee alikuwa na furaha ya kukutana na wajina wa binti yake.