Chaneli ya Bwana Lutengano

Bwana Lutengano aliingia zahanati amekumbatia televisheni yake ya chogo, akawapita wagonjwa kwenye benchi bila hata salamu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa na kibali cha kurusha matangazo mjini hapo, na hakuwahi kurusha hata wimbo mmoja. Watu walipochoka kumsubiri, waliyachukua masafa yake ya matangazo yaliyokaa matupu wakapitishia intaneti yao, na mtambo wakauweka pale zahanati.

Akachomeka televisheni. Kioo kikajaa chenga.

"Mnaona mlivyoniharibia chaneli yangu?" alifoka. "Zima mtambo!"

Muuguzi Sikudhani aliendelea na kazi yake. Alikuwa anatuma picha ya kifua cha mtoto kwa daktari wa hospitali ya mbali, na hakuona sababu ya mtoto kukosa dawa kwa ajili ya majivuno ya mtu mwenye kitambi. Daktari alipojibu, akamkabidhi mama dawa na kumweleza namna ya kumpa mtoto. Ndipo akauchomoa waya wa mtambo kwa vidole viwili, kama anayetoa nzi kwenye uji.

Wote wakageukia kioo. Chenga zilikuwa zile zile.

"Kumbe ndizo hizi ulizozikalia miaka yote, baba?" bibi mmoja aliuliza kutoka kwenye benchi.

Sikudhani akarudisha waya wake. Bwana Lutengano hakugeuka. Alivuta kiti, akafuta kioo kwa mkono wa shati, kisha akaongeza sauti ya televisheni.